Bendera Ilipohamia kwa Mzee Albano

Margareta wa Temeke, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Leonardi kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa serikali. Hakuwa na ofisi, hakuwa na mshahara, na kalamu yake ilikuwa ikiandika siku inapotaka. Alikuwa na bendera ya TANU kwenye mti wa mwanzi mbele ya nyumba, benchi lililolalia upande mmoja, na nyumba kumi za kuangalia. Nyumba zenyewe zilikuwa kumi na mbili, lakini Chama kilisema kumi, na hakuna aliyejitolea kubomoa mbili ili hesabu itimie.

Kazi ya mjumbe wa nyumba kumi, kwa waliozaliwa baadaye, ilikuwa kujua. Ajue nani amelala wapi, mgeni wa fulani katoka wapi na ataondoka lini, nani kampiga mkewe na nani kapigwa na mkewe. Leo utaratibu huo una majina makali, na wapo wasomi wanaouandikia vitabu vya kuulaumu. Wana haki yao. Ila wengi wao hawakuwahi kukaa kwenye benchi la Mama Leonardi, ambapo serikali ilikuanzia kwa kukuuliza kama umekula.

Alizaliwa karibu na Newala, kwa Wamakonde, akabatizwa, akaolewa na mkata mkonge aliyekuja kuwa mpakia mizigo bandarini. Mume alifariki muda mfupi baada ya Uhuru, akimwachia watoto na nyumba ambayo paa lake lilikuwa bado linajadiliwa. Mjane akaanza kupika vitumbua asubuhi na kusuluhisha watu jioni. Hiyo ya pili hakuna aliyemwomba. Watu walikuja kununua kitumbua, wakasema lililo rohoni, wakarudi nyumbani wamepatana. Ulipofika wakati wa kuchagua mjumbe, wengi waliona wamemchagua zamani.

Aliyeshindwa alikuwa Mzee Albano, Mmakonde mwenzake, mstaafu wa bandari, mtu wa ugoro na wa heshima zake. Aliyakubali matokeo kwa namna yake: hakumsalimia mshindi kwa mwaka mzima.

Ujumbe ulimkaa Mama Leonardi mwilini. Alipenda kuitwa kuamua, alipenda kuamshwa, alipenda hata lile neno "Ndugu Mjumbe" ambalo wakubwa wa Chama walilitamka kana kwamba limeandikwa kwa herufi kubwa. Mjane mpika vitumbua hana vitu vingi vya kujivunia, na yeye alikuwa nacho kimoja, kinapepea mbele ya nyumba.

Alikuwa pia na sheria moja ambayo hakuna aliyeweza kumtoa kwayo. Katika nyumba zake, chumba cha mtu hakipekuliwi bila yeye kusimama mlangoni anaangalia. Chanzo chake kilikuwa Gaspar, seremala wa mtaa wa pili. Walikuja watu wakampekua wakati mjumbe wa mtaa ule yuko msibani, wakatoka na karatasi walizosema wamezikuta kwenye sanduku lake. Labda walizikuta. Hakuna aliyeona zikikutwa. Gaspar akaondoka nao, na kwa kuwa tulikuwa na sheria ya kuweka watu kizuizini bila kusumbua mahakama, mahakama haikusumbuliwa. Alirudi baada ya mwaka na ushei. Alikuwa akiulizwa habari za huko anajibu kwamba chakula kilikuwa cha kutosha. Hakuongeza neno mpaka watu wakaacha kuuliza.

Tangu hapo Mama Leonardi akawa anasema, "Waje wapekue. Nchi ina maadui, wapekue. Lakini mie niwepo."

Na nchi ilikuwa na maadui kweli, tusidanganyane. Huu ulikuwa mwaka 1972. Mreno alikuwa ng'ambo ya Ruvuma na mizinga yake, wapigania uhuru waliomsumbua walikuwa wanalala kwetu, na katika mji huu huu mtu alikwisha kufungua kifurushi kilichotumwa kwa posta, kikamuua. Baada ya hapo kila wiki tulisikia kimelipuka kingine. Mahali kilipolipuka palitegemea anayesimulia: Ilala, Kurasini, mara moja ndani ya kikapu cha samaki Feri. Watu waliacha kuokota vitu. Sanduku tupu la viatu lilikaa njiani karibu na msikiti siku kadhaa, likiheshimiwa na wote, mpaka mvua ikaliyeyusha.

Katika hali hiyo ndipo palipokuwa na Polikarpo.

Polikarpo alikuwa mchonga vinyago, kapanga chumba cha nyuma katika nyumba ya saba. Alitoka upande wa pili wa Ruvuma, yaani kwa Mreno, kumkimbia Mreno. Kwa hesabu za siasa alikuwa ndugu tunayempigania. Kwa hesabu za mtaa alikuwa mtu aliyetoka kwa adui. Aliishi katikati ya hesabu hizo mbili kimya kimya, akichonga mpingo kutwa na kumpelekea Noorali, mfanyabiashara wa mjini aliyewauzia wazungu. Hakunywa sana, hakukopa, hakubishana. Mtu wa namna hiyo, wakati wa hofu, anatia mashaka sana.

Aliyemshuku alikuwa Kondo, jirani wa ukuta mmoja, kijana wa mgambo. Kondo alikuwa na bunduki ya mti aliyofanyia gwaride kila Jumamosi, na alilala nayo. Asubuhi moja alimwona Polikarpo anaingia na mzigo umefungwa kwa gunia na kamba ya katani. Wa mviringo, ukubwa wa kichwa. Polikarpo aliubeba kwa mikono miwili, kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Kondo akajitolea kumsaidia, akaugusa. Polikarpo akamsukuma. Lakini gunia lilikuwa na tundu, na kidole cha Kondo kilikwisha kuingia.

"Kuna nywele," alimwambia mkewe Tunu.

"Nywele za nini?"

"Za mtu."

"Bomu lenye nywele," akasema Tunu. "Mreno kaendelea."

Kwa utaratibu Kondo alipaswa kuanzia kwa mjumbe. Hakuanza huko. Alijua Mama Leonardi atampa kitumbua na kumwambia akalale. Akapanda juu moja kwa moja, na juu wakaichukulia taarifa kwa uzito, kwani walikuwa wamemwona Kondo tu, hawakuwa wamemsikia Tunu.

Jumamosi mchana ikasimama Landrova mbele ya bendera. Akashuka kijana wa usalama, jina lake Revelian, mtu wa Bukoba, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, pamoja na askari wawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Ndugu Mjumbe, tuna kazi kwa mpangaji mmoja, Polikarpo. Nimeambiwa kwako hatupekui mpaka uwepo."

"Umeambiwa vizuri," akasema Mama Leonardi, akajifunga kanga, akatangulia.

Walimkuta Polikarpo kwenye kigoda, tezo mkononi. Wakamwambia aiweke chini, akaiweka. Chumba kilikuwa kidogo, na mzigo ulikuwa chini ya kitanda mahali ambapo kila mtu huficha kila kitu. Askari mmoja akauvuta kwa uangalifu mkubwa, kwa ncha ya fimbo.

"Ni nini hiki?" akauliza Revelian.

"Mali yangu."

"Mali gani?"

"Ya kazi."

"Fungua tuone."

Polikarpo akamtazama Mama Leonardi aliyesimama mlangoni, kisha akatazama sakafu.

"Mama akiwepo sifungui."

"Na asipokuwepo?"

"Asipokuwepo nitakufungulia hata kwa meno."

Mama Leonardi aliutazama ule mzigo mara moja tu. Uliviringika, ukachongoka kidogo mbele kama penye pua, na kwenye tundu la gunia zilionekana nywele. Akageuza uso upesi, akaanza kutazama jamvi la jirani lililoanikwa uani, kana kwamba hajawahi kuona jamvi.

Alikwisha kujua. Siku hizi vitu vile vimewekwa kwenye makabati ya vioo na kadi ya maelezo chini yake, kwa hiyo naweza kukiandika bila kumkosea mtu. Kilikuwa lipiko, kinyago ambacho Wamakonde hukivaa kichwani katika ngoma ya vijana wanaotoka jandoni. Huchongwa kwa mti mwepesi na kubandikwa nywele za mtu za kweli. Wanaume waliopitia jando wanajua ni mti, na ndani yake yumo fulani wa nyumba ya pili. Wanawake huambiwa ni mzimu uliofukuliwa ardhini, nao hukimbia na kupiga kelele. Wanawake si wajinga. Wanawajua waume zao kwa miguu, kwa kikohozi, hata kwa namna wanavyochoka. Lakini mwanamke wa Kimakonde hajui, maana kujua kwake ni aibu kwa wanaume wote wa kwao, na kukiona kikiwa kimelala guniani bila ngoma na bila mtu ndani yake ni jambo ambalo halina hata jina. Kwa mgeni kama Revelian haikuwa neno kubwa. Mtu asiyejua anachokiona hajakiona. Mama Leonardi akiona, ameona.

Polikarpo alikuwa radhi kwenda kizuizini kuliko hilo litokee mbele yake. Hakuwa anafanya ushujaa. Hakuona mlango mwingine.

"Mama," Revelian akasema kwa adabu, "tusaidie. Pumzika pale nje, ndugu huyu afungue, tumalize."

"Hapana mwanangu."

"Yeye mwenyewe ndivyo anavyotaka."

"Gaspar naye pengine alitaka wamalize upesi. Mie sisemi wewe ni mtu mbaya. Nasema sikujui."

Polikarpo akasema, karibu kwa kunong'ona, "Mama Leonardi, nakuomba. Ondoka tu."

"Nikiondoka hapa wakasema wamekuta bunduki, utamwambia nani?"

Revelian akavua kofia, akajipepea. Kijana yule alikuwa mkweli, nadhani ndiyo sababu hakupanda cheo haraka. Akatoka naye uani, akamwambia, "Mama, nisikilize. Mie nikifungua bila mjumbe, nikisema nimekuta kitu hakuna wa kunibishia, na nikisema sijakuta hakuna wa kuniamini. Kwa hiyo hata mie nakuhitaji. Lakini nikirudi nikasema kakataa kufungua, huyu ni mtu wa ng'ambo, katika wakati huu. Nitaambiwa nimchukue. Na kumchukua ndiyo kazi yangu. Kazi ya kurudisha ni ya mtu mwingine, na sijawahi kukutana naye."

"Nipe muda wa kuchemsha chai."

"Muda wa chai utatosha?"

"Utatosha."

Hakuchemsha chai. Alivuka njia mpaka barazani kwa Mzee Albano, ambaye alikuwa anasaga ugoro na kujifanya hajaiona Landrova.

"Shikamoo kaka."

Albano akafikiri kwanza. Mwaka ni mwaka.

"Marahaba."

"Kule kwa Polikarpo kuna kazi ya wanaume."

Mkono wa Albano ukasimama. "Kazi gani?"

"Mie nitajuaje?"

Wakatazamana. Albano alikuwa mtu wa jando, na mimi nina hakika kwamba mzigo ule ulipopita mtaani asubuhi ile yeye ndiye aliyekuwa akiusubiri. Akafuta vidole kwenye kikoi, mmoja mmoja.

"Sasa mie unanitakia nini?"

"Wanataka kupekua mbele ya mjumbe. Chukua bendera, uwe mjumbe, usimame wewe."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka wamalize."

"Hapana," akasema Albano. "Mie si shati la kuazima. Siwezi kuitwa Ndugu Mjumbe saa nane, saa kumi nikaitwa Babu. Nikichukua nimechukua, mpaka uchaguzi."

Uchaguzi ulikuwa mbali. Mama Leonardi aligeuka akaitazama bendera yake. Haikuwa ikipepea. Hapakuwa na upepo, na ilikuwa imefifia, ikihitaji kufuliwa. Alikwisha kuinunulia sabuni.

"Haya," akasema.

"Na benchi?"

"Benchi langu. Nimelinunua."

Albano akakubali kwamba hapo pana haki.

Wenye nyumba walikuwa wamejikusanya wote nyuma ya ukuta wa Kondo, umbali ambao Kondo, kwa mafunzo yake ya mgambo, alisema unatosha kwa bomu la wastani. Mama Leonardi akasimama mbele yao, akasema anauacha ujumbe leo hii, na anamwombea Mzee Albano kura zao. Neno kung'atuka lilikuwa bado halijafika mjini, kwa hiyo alisema tu, "Nimechoka."

"Umechoka?" Tunu akauliza. "Jana umemkimbiza mwizi wa kuku mpaka Keko."

"Jana nilikuwa sijachoka."

"Mama Leonardi, huyu mzee si ndiye tuliyemkataa?"

"Mlimkataa kidogo tu."

"Wewe unayesema kila siku 'mie niwepo, mie niwepo', leo kumekuja kitu chenyewe unataka usiwepo?" Tunu hakuwa mbaya. Alipenda tu mambo yakae sawa, na hili halikukaa. "Si useme unaogopa."

Palikuwa na njia rahisi ya kumjibu: maneno matatu au manne kuhusu kilichomo guniani, yaliyotosha kumtoa Polikarpo mashakani na yeye kubaki na bendera yake. Wanawake wawili wa Kimakonde waliokuwepo waliinamisha vichwa. Nao walikuwa hawajui, sawasawa na yeye.

"Naogopa," akasema Mama Leonardi.

Mikono ikanyanyuliwa. Ilitosha, ingawa mingine iliinuka kwa huruma na mingine kwa haraka ya kwenda kula. Revelian aliyekuwa akifuatilia mkutano ule na kofia mkononi akauliza, "Ndugu zangu, utaratibu huu upo kweli?"

"Wewe huko ulikosoma," Albano akamuuliza, "walikufundisha Chama ni nini?"

"Chama ni watu."

"Hao hapo."

Kondo akapewa kuung'oa mwanzi na kuuhamishia ng'ambo ya njia. Aliubeba kwa mwendo wa gwaride, bunduki yake ya mti begani, na hakuna aliyecheka, ambalo ndilo jambo la ajabu kuliko yote ya siku ile. Mama Leonardi akarudi kwenye benchi lake, akakaa, mgongo kaupa nyumba ya saba.

Albano akaingia na Revelian, mlango ukafungwa. Nje tuliusikia mkasi ukikata katani, kisha sauti ya kijana wa Bukoba ikisema "Ah" mara moja tu, bila kupandisha. Halafu Albano akaongea peke yake kwa muda, polepole, kama mtu anayemsomea mwingine masharti ya nyumba. Mlango ulipofunguliwa, Polikarpo alitoka wa kwanza, mikono yake haina kamba. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akanywa, akajimwagia na kichwani.

"Nimeona mie, kaona na huyu," Albano akawatangazia watu. "Ni mali ya kazi. Haina baruti, haina chuma, haina Mreno."

"Na nywele?" Kondo akauliza.

"Nywele ni nywele."

"Mzee, mie ndiye niliyetoa taarifa. Nina haki ya kuona."

"Ulikuwa na haki ya kutoa taarifa, umetoa. Hakuna aliyekuzuia, hakuna atakayekulaumu. Sasa nenda kanyooshe huo mwanzi, umeusimika upande."

Kondo akaenda. Kwa haki, sikumlaumu wala simlaumu. Alikuwa na kidole kilichogusa nywele za mtu ndani ya gunia, katika mwaka ambao watu waliogopa sanduku la viatu. Mtaa ambao hauna Kondo hata mmoja siku moja unalipuka. Mtaa wenye Kondo watupu unahamia wote kizuizini na kubaki salama kabisa. Sisi tulikuwa naye mmoja, na Mama Leonardi mmoja, na mpaka leo naona tulipimiwa vizuri.

Kabla ya kupanda Landrova, Revelian alikwenda kwenye benchi.

"Mama, nilikuwa tayari kumchukua."

"Najua."

"Sikutaka."

"Najua hilo pia. Kaa ule vitumbua, vya asubuhi lakini havijaharibika."

Akakaa. Akala viwili bila haraka, suruali yake ikipoteza mkunjo.

"Ulikuwa unajua ni nini mle?"

"Mie mwanamke, mwanangu. Nitajuaje?"

Kijana akatikisa kichwa kwa muda, akitabasamu kitumbua mkononi. "Basi na mie sijui," akasema. "Nimeapishwa. Nitaandika kwamba hakina madhara kwa Taifa, wakitaka zaidi waje wenyewe wamuulize yule mzee." Akainuka, akafuta mikono. "Asante, mama."

"Kwa vitumbua?"

"Kwa vitumbua," akasema Revelian, aliyejifunza upesi.

Hawakuja wenyewe. Ngoma ya vijana ilifanyika wiki hiyo hiyo kwenye uwanja wa mikorosho kuelekea Mbagala, na Mama Leonardi alikwenda. Mzimu ulipotokea alikimbia na kupiga kelele pamoja na wanawake wenzake, na nasikia alikimbia vizuri sana.

Bendera haikurudi. Mzee Albano aliufanya ujumbe miaka mitatu, na kwa masikitiko ya waliomtazamia mabaya aliufanya vizuri. Sheria ya kusimama mlangoni aliishika kuliko hata mwenye nayo. Walikuja wengine mara mbili baada ya hapo, mara zote walimkuta amekwisha kukaa kizingitini na ugoro wake, akiwaambia wapekue bila wasiwasi, wasijali uwepo wake. Hakuna mtu wa nyumba zetu aliyepotea. Nchi haikulipuka pia. Wenye kudai kwamba ni lazima uchague moja kati ya hayo mawili sibishani nao. Najua tu kwamba sisi tulikuwa na yote mawili, kwa muda, na bei yake ililipwa na mtu mmoja.

Maana watu wa pwani katika mtaa ule, ambao ndio wengi, waliendelea kuamini walichosikia kwa masikio yao. Mama Leonardi kaliogopa bomu, kamsukumia mzee wa watu. Hawakumchukia, walimtania. Akipita mtoto na mpira wa matambara, mtu husema, "Mama Leonardi, kimbia." Yeye husema, "Nakimbia," anaendelea na njia yake. Aliishi na jina la uoga mpaka akazeeka nalo, na hakulitafutia dawa, maana dawa yake ilikuwa ni kusema. Wanawake wa kusini tu ndio waliokuwa wakimpisha mbele bombani, na walipoulizwa sababu walisema ni kwa ajili ya umri. Wengine wao walikuwa wakubwa kuliko yeye.

Polikarpo alikuwa na shida ya peke yake. Mtu amekutoa kizuizini. Huwezi kumshukuru, maana ukimshukuru umesema alijua, na ukisema alijua umemvunjia heshima yake na ya wanaume wa kwenu wote. Lakini kutomshukuru nako hakuwezekani. Jumapili ya kwanza, baada ya misa, alikuja na shati lake jeupe, akasimama mbele ya benchi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kushukuru."

Mama Leonardi akamtazama kwa wasiwasi. "Kushukuru nini?"

"Chumvi," akasema Polikarpo. "Ile chumvi uliyoniazima."

Hakuwahi kumwazima chumvi. Tunu, aliyekuwa akinunua kitumbua, alikuwa shahidi kwamba Polikarpo alinunua chumvi yake dukani kama watu wote.

"Aa, chumvi," akasema Mama Leonardi. "Ilitosha?"

"Ilitosha, mama. Mpaka leo ninayo."

"Basi kaa."

Akakaa upande ule benchi lilikoinuka, likasawazika. Jumapili iliyofuata alikuja kushukuru kwa kiberiti.